Mwenye Shati la Njano

Jumapili mtu wa Bukavu akishatoka misa, akishakula, anataka ziwa. Usimuulize kwa nini. Ziwa analiona kila siku, kutoka dirishani kwake, kutoka sokoni, kutoka kwenye foleni ya maji, lakini Jumapili ni lazima alipande. Anavaa viatu vyake vizuri visivyofaa kwenye boti hata kidogo, anajipulizia marashi, anakusanya shangazi na watoto na simu yenye chaji, wanateremka mpaka kwenye gati dogo chini ya mtaa wa Muhumba, na hapo wanamkuta Micheline.

Micheline alikuwa na boti ya mbao yenye mota nyuma na turubai jeupe juu. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno mengi na sauti ya kuita watu, na safari yake ilijulikana mjini. Unazunguka rasi zote, unaonyeshwa nyumba kubwa za zamani zilizoinama juu ya maji, unaonyeshwa ng'ambo ya Rwanda, na mawingu yakikuonea huruma unaonyeshwa mlima wa Kahuzi umekaa kule nyuma ya mji na ukungu wake kichwani. Kisha mnaenda mpaka kisiwa kidogo kisicho na watu, mnakula visamaki vya sambaza vya kukaanga na ndizi, watoto wanaoga pembeni, mnarudi kabla ya upepo wa jioni. Karibu na kisiwa hicho kuna jiwe kubwa jeusi lililochomoza majini, na juu yake wanakaa ndege wenye shingo ndefu. Watu wanapenda sana kupiga picha pale.

Basi ni kwa ajili ya jiwe lile Micheline alikuwa anafanya kazi ile. Nakwambia mapema, mimi sipendi kuzungusha watu. Yule mwanamke hakuwa anatembeza wageni kwa kuwapenda wageni. Alikuwa anawapeleka wamtazamie mume wake.

Mume wake aliitwa Honoré, na boti ilikuwa ya kwake. Mwaka wa nne huu, alirudi peke yake kisiwani alasiri kuchukua spika ambayo watu wa harusi waliisahau. Upepo ukashuka kutoka milimani. Boti iliokotwa imepinduka, spika haikuonekana, na Honoré hakuonekana. Ziwa Kivu halirudishi mtu. Mahali pengine, baada ya siku chache mtu wako anaelea, unamlilia, unamzika, yameisha. Kivu linakaa naye huko chini.

Lakini huwezi kumwacha mtu wako bila kaburi. Kwa hiyo walifanya kama wazee wao walivyofanya. Unakata mgomba, shina lenye urefu wa mtu, unalivika nguo ya marehemu, unaliweka kwenye sanduku, unalilia, unalizika. Tangu hapo aliyepotea amepata mahali pake, na waliobaki wanaweza kulala usingizi. Na katika ukoo wa Honoré kuna sharti moja zaidi: anayelivika shina nguo ni mama mzazi peke yake, mlango umefungwa, kwa sababu yeye ndiye aliyemvika mtu huyo nguo yake ya kwanza duniani.

Micheline akampa mama mkwe wake, maman Eulalie, shati la buluu lenye miraba ambalo Honoré alilipenda kuliko yote. Maman Eulalie aliingia nalo chumbani, kwake kule mtaa wa Kasha, akafunga mlango, akakaa ndani muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu na sanduku lilikuwa limeshafunikwa. Wanaume wakapiga misumari. Wakazika nyuma ya nyumba, mahali ambapo ziwa linaonekana lote.

Miezi michache baadaye boti ikarudi kazini. Jumapili moja mwanafunzi wa chuo, kijana wa heshima zake, akamgusa Micheline begani karibu na jiwe.

“Maman, ule papa anaishi pale?”

“Papa gani?”

“Ule mwenye amesimama juu ya jiwe. Mwenye shati ya njano. Anatupungia mukono.”

Micheline aligeuka haraka, nusura aanguke majini. Aliona ndege tu.

Ungekuwa wewe ungeuza boti, sivyo? Na mimi pia. Micheline alirudi nyumbani akapika, akaosha vyombo, akaketi, akaanza kutetemeka kwa furaha. Jumapili iliyofuata alikuwa gatini kabla ya misa ya kwanza, anaita wateja.

Na yule mtu aliendelea kuonekana. Hakuonekana kwa wote. Kila safari alionwa na mtu mmoja tu, mara mama wa kanisa, mara mtoto, mara mlevi fulani ambaye tangu siku hiyo pombe ilimshinda, na wote walisema lile lile: mwanaume mrefu, shati la njano, maji yanamtiririka, mkono juu. Micheline peke yake hakuonyeshwa kitu. Alikodoa macho mpaka yakamuuma. Alimwomba Mungu, kisha akamtukana Mungu, kisha akaenda kuungama. Inauma, jamani. Mtu asiyemjua Honoré hata jina anaonyeshwa, na wewe uliyelala naye kitanda kimoja unaonyeshwa ndege. Kuhusu lile shati la njano alijiambia kwamba pengine huko waliko wanabadilishiwa nguo. Mtu mwenye hamu haulizi mengi.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, amwone mara moja. Amwone, amwambie kwaheri, kwa sababu ile alasiri hakumwambia. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

Sasa, nyuma kwenye mota alikaa Xavier, mdogo wake Honoré. Baada ya msiba yeye ndiye aliyeshika boti, na bila yeye Micheline hangefika popote. Zamani Xavier alikuwa kijana wa kwaya, mwenye kifua na kicheko, anayekula sahani mbili na kuuliza kama kuna ya tatu. Tangu mazishi ya kaka yake akawa mtu wa baridi. Jua linawaka, watu wanajipepea, yeye yuko ndani ya koti zito, na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na kitambaa kimefungwa mpaka puani. Wageni waliona macho yake tu. Kwanza watu walisema ni huzuni. Kisha wakasema malaria. Kisha, kwa sababu Bukavu ni Bukavu, wakasema karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu anamshuku jirani yake kuwa nayo, na wakampeleka kwa mganga anayeitapisha. Alitapika, ndiyo. Hakupona. Hospitalini walimpima damu na mapafu na kila kinachopimika, wakamwambia ni mzima. Mzima, na mifupa ya mabega inaonekana juu ya koti!

Siku moja, walipokuwa wanafunga boti, alimwambia Micheline, “Shemeki, tuache kupita ku ile jiwe.”

“Juu ya nini?”

“Nikifikaga pale, baridi inaniingia mu mifupa. Nasikia sawa vile mutu iko ananivuta kwa chini. Na chakula yote iko udongo mu kinywa yangu. Ata sukari. Udongo.”

Micheline alikuwa anakunja turubai. Alimpenda Xavier, msinielewe vibaya. Alikuwa ndugu yake kuliko ndugu wa damu. Lakini alipofikiria Jumapili bila jiwe, moyo wake ulifunga mlango.

“Uko muchovu tu,” alisema. “Mvua ikianza tutapumuzika.”

Xavier alimtazama kwa macho yale yaliyoingia ndani. “Mvua ikianza, mi sitakuwa,” alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akachukua mtungi wa mafuta akapanda nao polepole kuelekea barabarani.

Micheline aliyasikia maneno yale. Alilala nayo, akaamka nayo. Na Jumapili alienda tena kwenye jiwe.

Jumapili hiyo boti ilijaa watu wa harusi kutoka Luberizi, wakulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi waliopanda mjini kumwoza mpwa wao na sasa walitaka waonyeshwe vizuri vyote vya Bukavu kabla ya kurudi. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Rosalie, kikwembe kipya kiunoni, mdomo usio na kufuli. Alipanda boti kama anapanda kitanda chake, akajiweka nyuma karibu na mota, akamtazama Xavier juu mpaka chini.

“Weee, kapiteni! Hii joto yote, na uko na kofia? Unaficha pembe?”

Watu wakacheka. Xavier naye akatikisa mabega kidogo, labda alicheka ndani ya kitambaa.

“Baridi, maman.”

“Baridi! Kwetu Luberizi jua inapika muchele ikingali mu shamba, na weye unanisemea baridi. Utakula. Mi nitakulisha.”

Walizunguka rasi. Walishangaa nyumba kubwa, wakabishana ipi wangeichukua kama wangepewa, wakapigana picha mpaka simu moja ikaanguka majini na mwenyewe akazuiwa asiifuate. Kahuzi ilijitoa mawinguni kwa muda mfupi na wote wakapiga makofi kana kwamba Micheline ndiye aliyeifungulia. Micheline aliwachekea, akawajibu, akagawa sambaza, na muda wote jicho lake moja lilikuwa mbele, linasubiri jiwe.

Jiwe likatokea. Ndege juu yake. Micheline akashika ukingo wa boti.

“Héé,” alisema maman Rosalie, akikinga jua kwa kiganja. “Na ule kijana, amepandaka pale namna gani? Boti yake iko wapi?”

Kila mara ni hivi, na kila mara ni kama ya kwanza. Micheline akasogea karibu naye. “Maman, niambie. Iko namna gani?”

“Ule? Murefu. Amekonda. Shati ya njano, iko na mustari mweusi hapa ku kifua, na vifungo amefunga yote mpaka ku shingo, sawa mutu banamuvalisha.”

“Unaona mustari? Toka hapa?”

“Ah, maman, toka utoto wangu nafukuzaka ndege mu mupunga. Ndege akitua mwisho wa shamba namujua dume ao jike. Na iko na kovu ku kidevu, huku kwa kushoto. Maskini, iko anatetemeka.”

Honoré hakuwa na kovu kidevuni. Honoré alikuwa na kidevu laini, cha kujivunia, alikinyoa kila asubuhi.

Maman Rosalie alikuwa ameshakumbuka ahadi yake. Alichukua sahani ya sambaza, akamgeukia Xavier. “Haya kapiteni, shusha hii kitambaa, ukule.” Xavier, kwa adabu, kwa sababu mama mtu mzima hakataliwi chakula, akapunguza mota, akavua kofia, akashusha kitambaa mpaka shingoni.

Yule mama alimtazama. Akatazama jiwe. Akamtazama tena. Sahani ikamtoka, sambaza zikamwagika miguuni pa watu wote.

“Lakini ni weye,” alisema. “Yesu Maria! Ni weye njo uko pale.”

Kovu la Xavier lilikuwa palepale lilipo tangu alipoanguka na baiskeli utotoni, kidevuni, upande wa kushoto. Wengine hawakuona mtu juu ya jiwe; waliona mwanamke mwenzao anatetemeka na kapiteni amekuwa mweupe midomo. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Na Micheline? Micheline alilijua lile shati. Lilikuwa sare ya kwaya ya Xavier, njano na mstari mweusi kifuani. Wiki ya msiba lilianikwa kwenye kamba kule Kasha na likapotea. Walilaumu wezi, wakamnunia jirani mpaka siku hiyo.

Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira. Alimtazama Xavier akamchukia, Mungu amsamehe, kwa sababu Jumapili zote zile, maombi yote yale, macho yote aliyoyakodoa, yalikuwa yanamtafuta huyu, aliyekaa nyuma yake muda wote anashika mota. Hakuwa Honoré. Hajawahi kuwa Honoré. Alitaka kupiga kelele hapo hapo. Halafu akaona mikono ya Xavier, jinsi ilivyokuwa inajaribu kufunga tena kitambaa na vidole havikamati, na hasira ikamwishia, ikabaki aibu.

“Geuza,” alimwambia. “Tunarudi. Kisha tunaenda kwa maman.”

Walipanda Kasha kwa pikipiki moja, Xavier katikati ili asianguke. Maman Eulalie alikuwa uani, kwenye kigoda, anapukuchua maharage. Alikuwa amevaa sweta ya kijani iliyofungwa mpaka juu, ile sweta ambayo haivui, wote walishaizoea. Aliwakaribisha, akataka kuinuka awatafutie chai. Micheline akamzuia.

“Maman. Ile siku, ulivika shina shati gani?”

“Ile ulinipa.” Vidole viliendelea na maharage.

“Ya buluu? Ao ya njano?”

Vidole vikasimama. Nyumbani kwa jirani redio ilikuwa inaimba, kuku walikuwa wanagombania ganda, na yule mzee hakuinua uso. Kisha akaweka ungo chini, akaanza kufungua sweta yake, kifungo kimoja kimoja. Ndani yake, juu ya ngozi, lilikuwa shati la buluu lenye miraba. Lilikuwa limechakaa kwenye kola mpaka nyuzi.

“Nilitaka kuivika ile shina,” alisema. “Nakuapia, Micheline. Niliifungua, nikasikia harufu yake. Nikasema, nikifunga hivi vifungo, basi imeisha, mutoto wangu amekufa, na mi njo nimemufungia. Nikashindwa. Na batu banangoja inje. Nikaona ku dirisha ile ya Xavier, imekauka ku kamba. Nikaivuta. Nikasema Xavier iko hapa, namuona, anakula kwangu. Shati tu, itamufanya nini?”

Xavier alikuwa amesimama. Nadhani aliogopa kwamba akikaa hatainuka.

“Na vile uliniona nakonda?” aliuliza. “Ulinipikia supu, maman. Ulinipeleka ku maombi. Ulipiga magoti, ukalia pamoja na mi. Ulikuwa unajua?”

“Mwaka ya kwanza, hapana.”

“Na kisha?”

Maman Eulalie akafumba macho. “Kisha nikajua.”

Ee, mama. Ee, mzazi. Micheline alijifunika mdomo kwa kikwembe. Alitaka kumlaani, na maneno yalikuwa tayari, kisha akakumbuka turubai alilokuwa anakunja, na jinsi alivyosema tutapumzika mvua ikianza. Akayameza.

Xavier alisogea mpaka kivuli chake kikamfikia mama yake. Aliongea taratibu.

“Niambie kitu moja. Kama mi njo nilizama, na Honoré njo iko amesimama hapa. Shati yake, ungenizikia?”

Mimi ningependa nikuambie alijibu. Angeweza kusema ndiyo, hata kwa uongo, na uongo ule Mungu angeufuta. Alifungua mdomo. Akautazama mkono wake wenye vumbi la maharage, akaufunga mdomo. Xavier alingoja muda wa kutosha, akageuka, akaenda kuketi nje ya ua.

Walifukua kesho yake asubuhi. Majirani walikuja na majembe, akiwemo yule waliyemnunia. Na kila mtu pale anajua mgomba: ukiukata, kwa muda mfupi tu ni maji na uozo, hata mbuzi haugusi. Walipofungua sanduku, shina lilikuwa jeupe, gumu, linatoa utomvu, kama limekatwa alfajiri ile. Chini ya sanduku kulikuwa na maji, na maji yalinuka sambaza. Shati la njano lilikuwa limekauka, halina hata doa, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba akaenda kusimama mbali.

Shati lilichomwa hapohapo, pamoja na shina lake. Lilichukua muda kushika moto. Liliposhika, Xavier aliyekuwa amekaa karibu alishika kola ya koti lake kama imemkaba, akalifungua, akavua kofia. Paji lake la uso lilikuwa linang'aa. Aligusa kwa kidole, akakitazama kidole.

“Natoka jasho,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba watu walimsikia akicheka, kicheko kidogo, kibovu, kilichomfanya Micheline alie.

Kisha likaja la pili. Mgomba mpya ulikatwa, ukaingizwa chumbani, na maman Eulalie akaingia nao. Alipotaka kufunga mlango, Xavier akaweka mguu.

“Mulango inabakia wazi,” alisema. Hakumwita maman.

Kwa hiyo safari hii wote waliona. Walimwona anavua shati la buluu mwilini mwake, anajifunga kikwembe kifuani, anaupitisha mkono wa shati kulia, kisha kushoto, kama mtu anavyomvika mtoto mchanga ambaye shingo yake haijakaza. Alifunga vifungo kuanzia chini. Alipofika kile cha mwisho alikishika, akakishika, mpaka watu wakadhani atashindwa tena. Akakifunga. Na kilio alichokuwa amekizuia miaka yote hiyo kikatoka. Watu wa mtaa wa chini walikuja mbio, wanauliza nani amekufa, na majirani wakawajibu: Honoré.

Micheline naye alimlilia mume wake, mara ya pili. Mara hii hakubakiza kitu cha kwenda kukitafuta Jumapili.

Mvua zikaanza, zikapita, na Xavier alikuwepo. Alinenepa. Alikula sahani mbili na kuuliza ya tatu, lakini alikula kwa Micheline. Kasha hakwenda tena. Mama yake akimtumia mboga kwa mtu, alimshukuru aliyeleta, mboga akazigawa. Micheline hakumsemea mtu yeyote neno. Angesema nini?

Halafu Jumapili moja, anga safi, wageni wameshakaa na marashi yao, maman Eulalie akateremka gatini. Alikuwa na kikwembe cha misa na kipochi kidogo. Maisha yake yote hakuwahi kupanda boti; alikuwa analiogopa ziwa hata kabla halijamchukulia mtu. Alisimama kwenye mstari kama wateja wengine. Micheline akamtazama Xavier. Xavier akatazama mota.

“Akae,” alisema.

Micheline alimfunga gilet ya kuelea majini, ikamvuka mabega, akamwonyesha nafasi nzuri ya mbele ambako kila kitu kinaonekana. Yule mzee akatikisa kichwa. Alipita katikati ya wageni, ameinama, anashika vichwa vya watu asianguke, mpaka benchi la mwisho kabisa, linaloelekea nyuma, uso kwa uso na mwenye mota. Hapo akakaa.

Walizunguka rasi. Wageni walishangaa nyumba, wakabishana kuhusu nyumba. Kahuzi ilionekana na wote wakainuka kupiga picha. Maman Eulalie hakugeuka. Jiwe likatokea mbele, na Micheline, ambaye alikuwa ameapa hatatazama, alitazama. Ndege. Alisubiri mtu amguse begani. Msichana mmoja akamgusa kweli.

“Maman, hii jiwe banaiitaka nani?”

Muda wote ule hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye hakuwahi kufikiria. “Jiwe ya Ndege,” alisema. Msichana akaandika kwenye simu yake.

Wote wakahamia upande mmoja kupiga picha, boti ikalala kidogo, mzee mmoja akawagombeza. Yule mama peke yake alibaki ameketi vilevile, mgongo kwa jiwe, mikono juu ya kipochi, macho usoni kwa mwanawe. Xavier alivumilia. Alitazama maji, akatazama kisiwa, akatazama kamba. Mwishowe akashindwa.

“Jiwe iko nyuma yako,” alimwambia. Lilikuwa neno la kwanza tangu Kasha. “Geuka, uone. Si ulikuya kuiona?”

“Najua iko nyuma,” alisema maman Eulalie. “Naangalia mwenye iko hapa.”

Upepo ulikuwa unaanza kushuka kutoka milimani, na yule mzee alikuwa anatetemeka ndani ya gilet na nguo zake nyepesi za kanisa. Xavier aliinama chini ya benchi, ambako lile koti zito lilikuwa linakaa siku hizi kwa ajili ya wageni wanaosikia baridi, akalivuta, akalitupa magotini pa mama yake bila kumtazama. Kisha akageuza boti, wakarudi mjini.